Gari Likikataa Kuwaka, Tusikimbilie Duka la Spea

Kuna ugonjwa umeingia huku kwetu Pwani, kuanzia Kilifi hadi Malindi, nao hauko kwenye magari bali kwa wenye magari. Gari likichelewa kuwaka asubuhi, hata boneti haijafunguliwa, mtu ameshatoa hukumu: "Betri hiyo, ishakufa!" Mwenye gari anakopa, ananunua mpya, na baada ya mwezi gari liko pale pale, linakohoa. Mimi napinga tabia hii. Gari lipimwe kwanza, na anayelipima alipwe kwa kulipima.

Zamani makosa haya hayakuuma sana. Gari la gia za mkono ukiita vijana sita walisukume, ukatia gia ya pili, linawaka. Siku hizi magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa kutoka Japani ni otomatiki, na otomatiki hata mlisukume kutoka Gede mpaka Watamu, haliwaki ng'o. Na vijijini gari la jirani ndilo ambulensi yetu. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, ni huyo jirani anayegongewa mlango.

Mwaka jana Probox ya mjomba wangu, ya kubeba abiria, ilianza visa. Ukipiga stata inasema "ka!" halafu kimya. Karakana moja ikamwuzia betri mpya. Wiki mbili tu, visa vikarudi. Wakamwambia, "Mzee, taa si zinawaka? Basi betri haina neno, hiyo ni stata." Mjomba akatoa pesa alizoweka za karo ya binamu yangu, akanunua stata. Ati mambo yatanyooka! Visa vikaendelea, na binamu akakaa nyumbani wiki tatu za muhula huku wenzake wakisoma. Hilo ndilo lililonikera hata nikaandika makala haya.

Aliyeitibu ni fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mkwaju. Hakushika spana kwanza. Alimwambia mjomba awashe taa kubwa, kisha apige stata. Taa zikafifia karibu kuzimika. Akasema, "Betri mpya, na taa zafa hivi? Umeme unapotelea njiani." Akaufuata kwa kidole ule waya mweusi mnene unaotoka kwenye betri kwenda kufungwa kwenye bodi na injini. Alipofika penye bolti akaniambia, "Hebu gusa hapa, mwanangu." Palikuwa pamoto. Akafungua: ndani mmejaa kutu na unga wa kijani. Akasugua kwa msasa, akakaza, akapaka grisi. Probox ikawaka mara moja. Akadai shilingi 200.

Sasa wenzangu tunaokariri kanuni ya Ohm, tazameni hapa. Stata ya gari dogo hula ampea 100 na zaidi. Kiungo kilicholiwa na kutu kikileta ukinzani wa omu 0.05 tu, zidisha: volti 5 zimepotea. Betri ya volti 12 inaifikia stata na 7. Itazunguka na nini? Lakini taa kubwa mbili hula kama ampea 9, kwa hivyo zenyewe hupoteza chini ya nusu volti, na jicho halioni. Kumbe "taa si zinawaka" si ushahidi wa kitu chochote! Lazima uzitazame wakati stata inapigwa. Zikififia sana, shuku betri na viungo vyake. Zikibaki na mwanga wao na stata inalia "ka" tu, hapo ndipo uishuku stata au nyaya zake. Na injini ikizunguka kwa nguvu ila haishiki, betri na stata usiziguse. Tafuta petroli au moto wa plagi.

Huku kwetu viungo vinaliwa haraka kwa sababu upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi ikipata unyevu haina huruma na chuma wala shaba. Mwenye gari asugue vichwa vya betri mara kwa mara. (Afungue waya wa hasi kwanza, aurudishe mwisho, na sigara iwe mbali, maana betri hutoa hewa inayolipuka.) Sisemi betri hazifi. Joto letu linaziua mapema. Lakini mita ya bei ndogo itakwambia: betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 huku injini inaunguruma, ukinunua betri mpya nayo italala vile vile, kwa kuwa alternata haichaji.

Wapo watakaosema nawaonea mafundi wa jua kali. La hasha. Lawama nyingi nawatupia wateja. Fundi akitumia saa nzima kutafuta ugonjwa, akaupata kwenye bolti moja, mteja anaguna: "Kwa kusugua tu unataka pesa?" Lakini akimfungia stata ya maelfu, mteja huyo huyo analipa bila neno. Sasa fundi mwenye watoto atafanyaje? Tumemfundisha wenyewe kwamba macho na masikio yake ni bure, chuma ndicho chenye bei. Zile shilingi 200 za mzee wa mkwajuni, mie naona zilikuwa kidogo mno. Alistahili 1,000, na mjomba bado angebaki na karo.

Nina ombi kwa walimu wetu wa fizikia. Mita zilizofungiwa kabatini maabara tuazimwe Jumamosi moja alasiri, tuzitumie kwenye magari ya walimu. Kuna moja pale chini ya mwembe, la gia za mkono, bahati yetu, ambalo kila Ijumaa tunaitwa kulisukuma mpaka langoni. Tuanze na hilo.