Saa ya Kupiga Picha za Uti wa Mgongo

Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 alfajiri huwa amepungua sentimita moja na nusu hivi ifikapo jioni. De Puky, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1935, alipata wastani wa asilimia 1 hivi ya kimo. Mifupa haifupiki, zinazopungua unene ni diski 23 zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Kiini cha kila diski kina molekuli zivutazo maji. Mtu asimamapo, uzito wa kiwiliwili huyakamua maji hayo polepole; alalapo, mgandamizo hupungua na maji hurudi kwa osmosisi.

Jambo hili lingebaki kuwa kichekesho cha darasani kama si mashine ya MRI. Mashine hiyo, itumiayo sumaku kali na mawimbi ya redio, hupata ishara zake kutoka katika hidrojeni, ambayo kwa wingi imo ndani ya maji. Kinachopimwa, basi, ndicho hicho kinachobadilika kutwa. Mwaka 1994 watafiti walionyesha, kwa picha hizo, kwamba ujazo wa diski za kiuno hupungua kwa wastani wa asilimia 16 hivi kati ya asubuhi na jioni. Mgonjwa akipigwa picha asubuhi, na miezi sita baadaye akapigwa nyingine jioni, daktari aweza kuona diski iliyokonda kidogo akadhani ugonjwa umeendelea. Diski iliyochomoza sana na kubana neva huonekana saa yoyote. Hatari imo katika mabadiliko madogo, nayo ndiyo hasa yanayotafutwa picha mbili zinapolinganishwa.

Wapo watakaosema kwamba mashine huandika saa yenyewe. Ni kweli, lakini saa ya ukutani haielezi mgongo umebeba mzigo kwa muda gani. Mlinzi aliyekesha kwa miguu, akipigwa picha saa 2 asubuhi, ana diski za jioni. Na aliyelala kitandani kutwa ana diski za alfajiri hata saa 11 jioni. Linalotakiwa ni mstari mmoja katika fomu ya hospitali: mgonjwa aliamka saa ngapi, na tangu hapo amefanya kazi gani. Gharama yake ni wino. Na picha zitakazolinganishwa zipigwe mgonjwa akiwa katika hali ile ile.

Shule za bweni zina nafasi nzuri ya kulipima jambo hili kwa rula na ukuta, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mara mwanafunzi atokapo kitandani, kwani vipimo vilivyochapishwa mwaka 1985 vilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya upungufu wa kutwa hutokea katika saa ya kwanza. Atakayengoja kengele ya darasani atakuwa amekwisha kukosa sehemu kubwa ya tofauti anayoitafuta.