Wanaume tusifiche maradhi ya siri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazindue wanaume wenzangu.

Mwaka juzi nilianza kuwashwa na kuvimba chini ya govi. Kwa aibu nilinyamaza, nikawa najisugua kwa sabuni ya kufulia na maji ya chumvi. Ngozi ikachubuka. Nikanunua vidonge dukani bila kupimwa, havikusaidia. Baada ya miezi mitatu nilikwenda zahanati. Tabibu akapima mkojo na damu. Kumbe nina kisukari! Akanieleza kuwa sukari ikizidi mwilini, fangasi hustawi hapo kwa urahisi.

Usafi wenyewe si mgumu. Kila siku unapooga, vuta govi taratibu, osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, kisha lirudishe. Aliyetahiriwa naye aoshe. Sabuni kali huunguza. Govi la mtoto mdogo lisivutwe kwa nguvu.

Lakini ukiona kidonda, usaha, uvimbe au maumivu wakati wa kukojoa, nenda ukapimwe. Govi likikwama nyuma, au korodani ikiuma ghafla, usingoje kesho. Ukichelewa saa chache tu unaweza kupata kilema.

Mbona jino likiuma hatuoni haya kulitaja? Na wahusika wa zahanati nao watusaidie: mgonjwa asiulizwe shida yake mbele ya foleni nzima. Wengi hurudi nyumbani na maradhi yao kwa sababu hiyo.

Msomaji wako,
Kilosa, Morogoro.
(Jina limehifadhiwa)