Ziara Isiwe Ibada

Safari ni chuo, lakini si kila asafiriye ni mwanafunzi. Wako watu wazungukao dunia wakarudi kwao na masanduku mazito na akili nyepesi. Miongoni mwa safari zipotezwazo hivyo ni zile za kwenda mahali walipoishi wasanii mashuhuri. Mtu huvuka bahari, husimama mlangoni pa nyumba ya marehemu, hupigwa picha, hununua kikombe chenye sura ya marehemu, kisha hurudi akisema, "Nimefika." Nakuuliza, msomaji kijana: amefika wapi?

Tuchukue mfano mmoja. Salvador Dalí alizaliwa tarehe 11 Mei 1904 katika mji wa Figueres, Katalonia, kaskazini mashariki ya Hispania, na katika mji huo huo alifariki tarehe 23 Januari 1989. Alikuwa mchoraji mashuhuri wa usurialisti, yaani sanaa iliyotangazwa na mshairi André Breton huko Paris mwaka 1924, ambayo ilitaka kuzifungua ndoto na fikira za siri kutoka katika pingu za akili. Mahali pake patatu pamefunguliwa kwa wageni: jumba la makumbusho la Figueres, nyumba ya Portlligat karibu na Cadaqués, na ngome ya Púbol. Wakiziunganisha pembe hizo kwenye ramani, watu huziita pembetatu ya Dalí. Wageni wengi huona pembe moja wakadhani wameiona pembetatu nzima.

Wako wasemao kwamba hakuna haja ya kwenda kabisa. Mchoraji wa ndoto, wasema, hana nchi. Ndoto zake zilitoka kichwani, na kichwa kimekwisha zikwa. Hoja hii ina uso mzuri lakini haina miguu. Rasi ya Cap de Creus, isiyo mbali na Portlligat, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Hispania, mahali ambapo milima ya Pirenei hushuka baharini. Upepo mkali wa kaskazini uitwao tramontana, pamoja na chumvi ya bahari, umeyatafuna mawe ya rasi hiyo tangu zama na zama, mpaka yakapata matundu, pua na migongo. Wavuvi waliyapa majina: hili Ngamia, lile Tai. Jiwe ulionalo mnyama ukiwa upande huu, ukipita upande wa pili huwa kitu kingine. Basi Dalí, aliyesifiwa kwa picha zenye sura mbili katika mchoro mmoja, alikuwa amekwisha fundishwa na mawe hayo tangu utoto wake. Katika picha yake ya saa zilizolegea kama jibini juani, aliyoichora mwaka 1931, majabali yanayong'aa kwa mbali ni ya pwani hiyo. Ndoto ilikuwa ngeni; mawe yalikuwa ya kwao. Asemaye kwamba ndoto haina nchi hajayatazama mawe.

Wengine huenda, lakini huenda kama waendao kuabudu. Hawa humiminika Figueres. Jumba lililoko huko lilikuwa ukumbi wa michezo wa mji, likaungua mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1939. Dalí aliligeuza kuwa makumbusho yake mwenyewe, nayo yakafunguliwa tarehe 28 Septemba 1974. Aliwahi kuonyesha picha zake katika jengo hilo mwaka 1919, akiwa kijana mdogo. Kanisa alilobatiziwa li jirani. Na mwili wake umezikwa chini ya sakafu yake. Juu ya kuta yamesimama mayai makubwa, na uani iko motokaa inyeshewayo mvua kwa ndani. Mwenye jumba alilipanga ili mgeni ashangae. Kushangaa si kosa. Kosa ni kukomea hapo. Ajabu ya mambo ni kwamba picha ya zile saa, ambayo wengi huitafuta humo, haimo. Imo katika makumbusho ya New York tangu mwaka 1934, na ukubwa wake ni sentimita 24 kwa 33 tu, haizidi sana ukurasa wa daftari. Mtu asiyejua hata hilo kabla ya kufunga mizigo ameutii umaarufu, hakuifuata sanaa.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dalí alikuwa kioja: kizuri kilichojitembeza. Breton alizipangua herufi za jina lake akazipanga upya zikasomeka Avida Dollars, maana yake mwenye uchu wa dola. Katika siku zake za baadaye Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu, akawafungulia mlango waghushi. Mwabudu hapendi kuyasikia haya. Lakini pasipo ukweli, sifa ni uvumba unaowasha macho.

Kundi la tatu husema: tusiende, kwa sababu mtu yule alikuwa mwovu. Hoja yao ni nzito kuliko zote, nami sitaipunguza uzito. Mshairi Federico García Lorca alikuwa rafiki wa Dalí, na mwaka 1925 alikuwa mgeni wa jamaa yake huko Cadaqués. Mwaka 1936 Lorca aliuawa na wafuasi wa upande wa Jenerali Franco. Dalí alirudi Hispania mwaka 1948, akamsifu Franco. Na Septemba 1975, watu watano walipouawa kwa risasi kwa amri ya serikali ile, na ulimwengu ukapiga kelele, yeye alishangilia. Mkono uliochora vizuri uliupungia mkono udhalimu.

Je, haya yatuzuie kwenda? Nasema hapana. Kuzuru si kusifu. Hakimu huenda mahali pa tukio, wala hakuna amwitaye mshirika wa mkosaji. Kipaji hakimsafishi mtu, na dhambi ya mtu haifuti mstari alioupiga vizuri. Akili changa hupenda kuchagua moja kati ya hayo mawili. Akili iliyokomaa huyabeba yote mawili.

Nenda basi Portlligat. Mwaka 1930, baada ya baba yake kumfukuza nyumbani, Dalí alinunua kibanda cha wavuvi, akakiunganisha na vibanda jirani kimoja baada ya kimoja kwa muda wa miaka 40 na zaidi, mpaka pakawa nyumba yenye njia nyembamba zipindazo kama matumbo. Wageni huingizwa wachache wachache. Ndani kimo kioo kilichowekwa ili mwenye nyumba aone mapambazuko akiwa kitandani. Hapo utamwona mfanyakazi, si mwigizaji. Kisha nenda Púbol. Ngome hiyo aliinunua mwaka 1969 kwa ajili ya mkewe, Gala, naye akakubali asiingie humo pasipo mwaliko wa maandishi. Gala alizikwa humo mwaka 1982. Dalí akahamia, mpaka moto wa mwaka 1984 ukamjeruhi chumbani. Kando ya kaburi la Gala liko kaburi la pili, tupu hata leo. Makundi yanayosongamana Figueres hayalioni kaburi hilo, nalo lasema mengi kuliko mayai yote ya paani: kwamba mtu aliyejulikana na ulimwengu wote alilazimika kubisha hodi kwa mkewe, na mwishowe akalazwa mbali naye.

Msomaji kijana, ikiwa siku moja utajaliwa safari ya namna hii, kwa msanii huyu au kwa mwingine, anza na mawe, ufuate nyumba, na jumba la sifa liwe la mwisho. Soma kabla ya kwenda. Uliza yale ambayo tikiti haikujibu. Na kama safari hutaijaliwa, usijione fukara: mwenye ramani, nakala nzuri ya picha moja na subira ya saa nzima hupata zaidi ya yule aliyefika akapita mbio. Umaarufu ni taa iliyowashwa na wengine. Itumie kuonea njia, usiipigie magoti.