Tunda Liende na Chakula

Kila ifikapo Novemba na Desemba masoko yetu hujaa maembe: dodo, bolibo, sindano. Papai nalo halikosekani karibu mwaka mzima. Mtoto wako akilila tunda hilo, mwili wake unachukua kiasi gani cha vitamini A?

Swali hili linagusa kila nyumba. Vitamini A ndiyo inayomwezesha mtoto kuona giza linapoanza kuingia, na humsaidia kupambana na surua na kuhara. Tena embe moja chini ya mwembe wa nyumbani halihitaji fedha nyingi.

Tunda lenyewe halina vitamini A iliyo tayari. Lina beta-karotini, ile rangi ya njano na machungwa tunayoiona tukilikata. Ukuta wa utumbo ndio unaoigeuza kuwa vitamini A. Lakini beta-karotini haiyeyuki katika maji. Inataka mafuta. Tumbo likiwa halina mafuta, sehemu kubwa hupita na kutoka bila kutumika.

Sasa jiulize: nyumbani kwako papai huliwa saa ngapi? Wengi wetu tumezoea kumpa mtoto asubuhi likiwa peke yake, au mchana akiwa anacheza. Si vibaya, tunda ni zuri saa zote. Ila papai hilohilo likiliwa pamoja na wali wa nazi, au mara baada ya ugali na mboga iliyoungwa kwa karanga, humfaa zaidi. Mafuta yanayohitajika ni kidogo tu: kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu katika mlo kinatosha. Tui la nazi, karanga, korosho, parachichi, mawese ya ndugu zetu wa Kigoma, vyote vinafanya kazi hiyo.

Matunda yetu yana bahati yake. Katika embe na papai, beta-karotini imekaa kwa namna inayoyeyuka kwa urahisi, na nyama ya tunda husagika upesi. Kwenye karoti imeganda kuwa fuwele, na kwenye majani mabichi imeshikamana na protini. Mwaka 1998 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Indonesia. Ulikadiria kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini kutoka kwenye matunda ziliwapa watoto mikrogramu 1 ya vitamini A. Kwa mboga za majani na karoti zilihitajika mikrogramu 26.

Je, tuache mchicha na matembele? Hapana kabisa! Mboga hizo zina madini na mengi mengine, na zikikatwa vizuri na kupikwa kwa tui mwili huchukua zaidi. Nasema tu kwamba kipande cha embe kando ya sahani ya mchicha ni msaada mkubwa.

Tunda lisubiriwe liive. Najua watoto wanavyopenda embe bichi la chumvi na pilipili, nasi tulilipenda. Wale, lakini wakumbuke kwamba beta-karotini huongezeka tunda linapoiva. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, liponde papai hadi liwe laini, umpe pamoja na chakula chake huku ukiendelea kumnyonyesha. Mwenye maembe ya ziada anayetaka kuyakausha ayaweke kivulini penye hewa, maana jua kali huharibu beta-karotini.

Dada zetu mama lishe, ninyi mnalisha watu wengi kuliko sisi sote. Je, mnaweza kuweka kipande cha papai kwenye sahani ya wali maharage? Walimu, je, bustani ya shule ina nafasi ya mipapai? Na wewe mfanyabiashara unayekusanya maembe vijijini kwa ajili ya mjini, waachie wakulima kapu moja la watoto wao.

Minyoo nayo hupunguza uwezo wa utumbo kuchukua vitamini hii. Kwa hiyo siku ya matone ya vitamini A, inayokuja kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, tumpeleke mtoto hata kama nyumbani kuna matunda tele. Mara nyingi dawa ya minyoo hutolewa siku hiyohiyo. Mtoto anayejikwaa ovyo jioni, au anayepapasa kutafuta sahani yake wakati wenzake wanaiona, afikishwe kituo cha afya bila kusubiri siku hiyo.

Na tupande. Mpapai ukitunzwa huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Panda miche mitatu katika shimo moja, kwa sababu jike na dume havijulikani mpaka maua yatoke. Yakitoka, bakiza jike, na dume mmoja awepo jirani. Umekula papai tamu wiki hii? Mbegu zake zioshe, zianike kivulini, kisha umgawie jirani kabla ya mvua kuanza.