Miaka Yetu ya Kazi Isizame Ruzizi

Ndugu wafanya kazi, wenyeji wa Ibanda na wa kambi za migodi,

Daraja la Ruzizi ni fupi. Mtu anatoka Ibanda asubuhi, na jua halijapanda amekwisha fika kazini Kamembe. Mwingine anatoka kule kuja kufanya kazi kwetu. Jasho linavuka kila siku. Malipo ya uzee ndiyo yanayokwama mpakani.

Tufanye hesabu. Mtu amechanga miaka 10 katika sanduku la Kongo, lile linaloitwa leo CNSS, kisha miaka 10 Rwanda. Ametumika miaka 20. Lakini Rwanda inataka miaka 15 ya michango ili kutoa pensheni ya kila mwezi; aliyepungukiwa anapewa feza mara moja tu, basi.

Hatuombi zawadi. Kongo (wakati ule Zaire), Rwanda na Burundi waliunda CEPGL kule Gisenyi mwaka 1976, na mwaka 1978 wakatia sahihi mapatano juu ya akiba ya wafanya kazi: mgeni atendewe kama mwenyeji, miaka ya huku na ya kule ijumlishwe. Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza 2010, linampa mgeni haki hiyo vilevile, na Kongo iliingia jumuiya ile mwaka 2022. Karatasi zipo. Je, ni mzee gani wa mtaa wenu aliyeona faida yake?

Wakubwa wakitaka, wanaweza. Umeme wa Ruzizi ya Pili uligawanywa kwa nchi tatu tangu 1989, na SINELAC ikajua kuhesabu fungu la kila mmoja. Kumbe miaka ya mtu ni migumu kuhesabu kuliko umeme?

Tena haki hii si yetu peke yetu. Mnyarwanda au Mrundi aliyechimba migodi ya Kivu, mgongo wake unauma sawasawa na wa Mshi au Mrega. Anayepiga kelele sokoni kwamba mgeni anyimwe hapa, anamnyima ndugu yake aliye ng'ambo.

Tutajibiwa kwamba vita, vilivyofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, vimevunja mapatano ya Leta hizi. Lakini michango ilikatwa katika mishahara yetu zamani, na feza hiyo si ya jeshi lolote.

Kwa hiyo, ndugu, tunzeni namba zenu za michango na karatasi za mshahara, za huku na za kule. Siku ya kudai, karani ataziomba kwanza.