MKE ALIYEONDOLEWA KIZAZI BADO NI MKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Leo nasema na akina baba kwanza. Akina mama nanyi msome, yenu yapo mbele.

Kuna maneno mabaya mitaani kuhusu mwanamke aliyeondolewa kizazi. Utasikia: "amebaki gamba", "amekuwa baridi", "si mwanamke tena". Kwa maneno hayo mke anarudishwa kwao na mshono haujapona. Na lililo zito zaidi, yupo mume ambaye mkewe anavuja damu baada ya kujifungua, daktari anasema kizazi kitolewe sasa hivi, naye anataka kwanza ukoo ukae kikao. Ndugu yangu, damu haisubiri kikao.

Tujue kwanza kinachofanyika. Kizazi ni nyumba ya mtoto. Kikitolewa, mama hapati hedhi wala hashiki mimba tena. Madaktari hukitoa kwa sababu ya saratani, uvimbe unaotoa damu isiyokoma, kizazi kilichoshuka au kilichopasuka wakati wa uchungu. Mayai na homoni hazitoki kwenye kizazi, zinatoka kwenye ovari. Ovari zikiachwa, homoni zinaendelea. Zikitolewa nazo, mama anaingia ukomo wa hedhi ghafla: joto la mwili, jasho la usiku, ukavu ukeni, usingizi kukatika. Hayo yana tiba. Huo si ubaridi wa moyo, wala si kwamba amekuchoka.

Sheria inasemaje? Kukata uzazi moja kwa moja bila dharura haijuzu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lililokaa Kuwait mwaka 1988 liliamua hivyo, likatoa nafasi kwa dharura. Basi dada yangu, usikimbilie kutoa kizazi ili tu upumzike na hedhi. Kama si jambo la haraka, muulize daktari kama kuna dawa, au kama uvimbe unaweza kutolewa peke yake kizazi kikabaki. Muone na daktari wa pili. Lakini dharura ikithibiti, kuhifadhi roho ni katika makusudio makuu ya sheria yetu. Mtoto ambaye hajaumbwa hatangulizwi mbele ya mama aliye hai kitandani.

Sasa maswali ninayoletewa sana:

1. Swala na funga. Asiye na hedhi hana siku za kuacha swala. Kidonda kikikatazwa maji, kuna kupangusa juu ya bandeji na kuna tayammamu. Swaumu, akiwa mgonjwa atakula na kulipa baadaye. Akipona, anafunga Ramadhani nzima. Damu ikimtoka baada ya kizazi kuondolewa, hiyo si hedhi. Ataswali, na aende hospitali aangaliwe.

2. Eda. Wapo wanaodhani hana eda kwa kuwa hana mimba. Si kweli. Akiachwa baada ya kuingiliwa, eda yake ni miezi 3, kama waliokatikiwa na hedhi waliotajwa katika Surat At-Talaq, aya ya 4. Akifiwa na mume, ni miezi 4 na siku 10 kama wajane wengine.

3. Tendo la ndoa. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hivi, mpaka daktari aruhusu. Baada ya hapo ni halali yenu kama zamani. Katika wiki hizo asibebe ndoo wala mzigo mzito. Chota maji wewe baba.

Mtu atasema, "Ustadh, mimi nataka watoto." Kutaka watoto si dhambi, na sheria imekuruhusu kuongeza mke ukiweza uadilifu. Lakini ruhusa si fimbo ya kumchapia mgonjwa. Mke wa kwanza ana haki yake ya zamu, matumizi na kauli njema, ile ile. Na kumbuka Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50: watoto wa kike, wa kiume, na ugumba, vyote ni mgao wa Allah. Bi Aisha (r.a.) hakuzaa. Hakupungua kitu mbele ya Mtume (s.a.w.). Ni Mama wa Waumini, na masahaba wakubwa walimwendea kuuliza elimu. Nani atasema alikuwa gamba?

Dada yangu uliyepita njia hii, usijifiche. Huzuni yako ni haki yako, lia, kisha umshukuru aliyekubakishia roho. Nanyi mama wakwe, mshono wa mkamwana si habari ya kusimulia kwa majirani.

Ya Allah, waponye wagonjwa wetu, uwape waume wetu huruma, na uwaruzuku subira wasiojaaliwa watoto. Amin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzio, huenda kuna ndoa itanusurika.