Eti Krabat ni kitabu cha uchawi? Umekisoma lakini?

Wadau, kuna dada mmoja hapa mjini, jina nakaa nalo, wafuasi kibao. Wiki hii kaja juu mtandaoni eti mpwa wake anayesoma Ujerumani kapewa kitabu cha uchawi darasani. Komenti zikajaa "amina" na "rudisheni watoto nyumbani". Kitabu chenyewe ni Krabat. Mimi nimekisoma chote, tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Yeye kasoma jalada.

Tuwekane sawa. Otfried Preußler alikitoa 1971, mwaka uliofuata kikabeba tuzo ya Ujerumani ya vitabu vya vijana. Hadithi kaikuta. Ni simulizi ya Wasorbu, watu wachache wenye lugha yao huko mashariki mwa Ujerumani.

Dogo ana miaka 14, yatima, anaomba mitaani kwenye baridi kali. Anaota kunguru 11 na sauti inamwita kwenye kinu cha kusaga nafaka karibu na Schwarzkollm. Anaenda kwa miguu yake mwenyewe. Anakuta nini? Kitanda, nguo, shibe. Uchawi unafundishwa Ijumaa usiku, ndiyo, na unafanya kazi ngumu iwe nyepesi, lakini kwanza ilikuwa njaa jamani! Halafu kila mwisho wa mwaka kijana mmoja anakufa ili bosi aendelee kuishi. Anaanza Tonda, yule aliyempokea dogo kama mdogo wake. Wenzake wanamzika, maisha yanaendelea. Wote wanajua, hakuna anayesema. Na bosi naye ana bosi wake, jamaa wa kutisha mwenye unyoya mwekundu kofiani, anakuja usiku wa mwezi kiza na mwenye kinu anamkimbilia kama kibarua.

Sasa mwisho (asiyesoma aruke hapa). Bosi anataka Krabat awe mrithi wake, dogo anakataa. Msichana anayempenda anakuja kumkomboa, anafungwa kitambaa machoni, na bado anamtambua, maana anamsikia anavyoogopa kwa ajili yake. Wote wanakuwa huru na uchawi unawatoka. Wanabaki na mikono yao tu. Kwenye simulizi ya zamani mkombozi ni mama, na Krabat anaondoka na ujuzi wake wote. Preußler ndiye aliyeufuta. Hebu niambie dada, kitabu gani cha kufundisha uchawi kinaisha hivyo?

Mwandishi mwenyewe ujana wake aliupitia chini ya Hitler, akiwa kijana akaandika mpaka hadithi ya kuwapamba vijana wa Hitler, akaenda vitani, akakaa mateka kwa Wasovieti miaka 5. Huyo anajua mtoto anavyoingia kwa bwana mkubwa huku anafurahia. Ndiyo maana shule za kule zinakisomesha. Kuna walimu wataishia kuuliza kunguru walikuwa wangapi, hao kila nchi wapo.

Kwa nini nimekasirika hivi? Kwa sababu dada yetu huyu ana vijana wanne wanaomshikia kamera. Wanalala kwake, wanakula kwake, mshahara hakuna, "wanajifunza kazi". Mwaka juzi mmoja aliumwa, akatolewa nje na begi lake, kesho yake kiti chake kina mtu mwingine. Wale watatu wakaposti picha wanacheka. Mimi namjua aliyetolewa. Halafu mtu huyohuyo ndiye anayetuchagulia vitabu vya kuogopa!

Mle kinuni kuna jamaa anaitwa Juro, mpishi. Miaka yote anajifanya bwege, wanamcheka, bosi hamhesabu. Kumbe ndiye anayejua kuliko wote, na ndiye anayemwonyesha Krabat njia ya kutoka. Nyie wanne wa kamera, najua mnasoma hapa kimyakimya. Juro ni nani kati yenu?